Saa ya Chiriku

Kila alasiri, kabla Bonge hajashushwa sakafuni, Chiriku alipitisha sumaku. Ilikuwa sumaku nzito, nyeusi, iliyong'olewa kwenye spika mbovu na kufungwa kamba. Aliikokota chini ya cherehani ya mama yake, kuzunguka kigoda, kando ya meza ya kukatia vitambaa, mpaka mlangoni. Pini zilirukia sumaku zenyewe. Siku nyingine ilinasa na ncha ya sindano iliyovunjika, na hapo mama alishika kifua na kusema, "Hii ingeishia tumboni mwa mwanangu."

Mama alikuwa fundi wa nguo, na chumba cha kushonea ndicho kilichokuwa sebule. Hakuwa na hofu nyingine duniani kama hofu ya pini. Bonge, mdogo wake Chiriku, ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea, na kila alichokiokota alikipeleka kinywani kukionja, kama mpishi anayeonja chumvi. Mahali pake pa kuchezea palikuwa kikapu cha vipande vya nguo vilivyobaki. Kilikuwa laini, kimejaa rangi, nacho kilipitishiwa sumaku kama sakafu. Mama alisema hapo tu ndipo roho yake ilipotulia.

Chiriku hakuitwa hivyo bure. Alikuwa binti msemaji kweli kweli. Alipoanza habari ya shuleni mlangoni, hakuimaliza mpaka wakati wa kula. Darasani pia ndiye aliyewapa wenzake majina. Kulikuwa na kijana mmoja ambaye saa yake ya mkononi iligoma kwenye saa sita kasoro kidogo, akaendelea kuivaa kwa sababu alipewa na babu yake. Chiriku akamwita Saa Sita. Jina likamganda mvulana yule kama gundi. Hata mwalimu siku moja lilimponyoka.

Shangazi yake Chiriku ndiye aliyemletea saa mpya. Ilikuwa saa kubwa yenye tarakimu, mkanda wa buluu, na taa iliyowaka ukibonyeza kitufe cha pembeni. Shangazi alimfunga mkononi mwenyewe, akamwambia aitazame vizuri wiki hiyo. Muuza saa alikuwa ameahidi kwamba ikiwa na kasoro yoyote, hata ndogo, irudishwe naye ataibadilisha.

Chiriku akaenda nayo shuleni mkono ukiwa umetangulia mbele. Wakati wa mapumziko aliwajulisha wote kwamba hii si saa ya kugoma goma kama za watu fulani. Wakacheka. Saa Sita akauingiza mkono wake mfukoni.

Jioni ya siku hiyo hiyo Chiriku akaanza kuziona kasoro. Kitufe cha taa kilikuwa kinanata, ukikibonyeza hakirudi haraka. Pembeni mwa kioo kulikuwa na mkwaruzo mwembamba kama unywele. Na akiitikisa saa sikioni alisikia kitu kikicheza ndani, chaka chaka. Akaigeuza. Mfuniko wa nyuma ulitakiwa ushikwe na skrubu nne. Pembe moja ilikuwa na tundu tupu.

Alijua la kufanya. Kumwambia mama tu, na mama angemwambia shangazi, na saa ingebadilishwa. Lakini angefika shuleni bila saa, angeulizwa, na ingembidi aseme kwamba saa yake mpya imerudishwa kwa ubovu. Aliwaza ni jina gani wangempa. Yeye mwenyewe alikwisha kupata matatu, yote yanachekesha.

Kasoro yenyewe ndogo, akajiambia. Akachukua plasta ya kidonda, akakata kipande, akakibandika nyuma ya saa. Chaka chaka ikanyamaza. Kwa siku kadhaa aliivaa hivyo. Plasta ikaloa jasho, ikabanduka, akabandika nyingine. Skrubu mbili nyingine zikadondoka, ya mwisho ikalegea. Mama alipotaka kuiona saa, Chiriku alimnyooshea mkono bila kuivua, huku akipiga domo kuhusu mambo mengine.

Hata ikafika siku ambayo shangazi alituma ujumbe kwamba anapita kuwasalimia. Shangazi hakuwa mtu wa kutazama kitu upande mmoja. Hata sahani ya wageni aliigeuza aone imetengenezwa wapi. Chiriku alikuwa amekwisha kupitisha sumaku, sakafuni na kwenye kikapu. Mama akamwita ampelekee mteja gauni lake lililokwisha kupigwa pasi. Chiriku akatazama huku na huku. Mezani, mama angeiona saa. Mfukoni, ingetuna. Chini ya mto, shangazi hupenda kujilaza pale. Akaizamisha saa chini kabisa ya kikapu cha vitambaa, akachukua gauni, akatoka.

Aliporudi, shangazi alikuwa amefika na Bonge alikuwa analia. Si kilio chake cha kawaida cha kudai kubebwa. Alilia, akanyamaza, akakohoa, akalia tena. Mate yalimchuruzika mpaka kifuani, nguo ikaloa. Mama alimwekea kikombe cha maziwa mdomoni, mtoto akageuza uso. Shangazi alisema ni meno, kwamba hata baba yao alipokuwa mdogo aliota magego kwa vurugu kama anaota pembe. Mama akacheka kidogo, lakini jicho lake halikumtoka mtoto.

Chiriku akatazama kikapu. Kilikuwa kimelala ubavu, na vipande vya nguo vimetapakaa.

Akapiga magoti kama anayevikusanya. Mkono wake ukaigusa saa. Kioo kilikuwa kiza, hakina tarakimu. Akaigeuza. Plasta ilikuwa inaning'inia. Mfuniko haukuwepo. Pale palipokaa betri, bapa na ya mviringo kama sarafu, palikuwa na shimo.

Akaingiza saa mfukoni, akachukua sumaku, akaanza kuikokota upya. Mama akauliza mbona anarudia kazi aliyokwisha kuifanya, naye akazidi kuikokota. Sumaku ilinasa skrubu, ndogo kama mbegu ya ufuta. Akaipitisha chini ya kigoda. Ikanasa mfuniko, tak. Akaipitisha chini ya cherehani, nyuma ya mlango, ndani ya kikapu, kwenye kila kipande cha kitambaa. Akaipitisha tena. Sumaku haikuleta kitu kingine.

Sumaku ile haikuwahi kukosea. Ikiwa betri haimo sakafuni wala kikapuni, basi ipo mahali ambapo sumaku haifiki.

Chiriku aliyekuwa haishiwi maneno, alisimama katikati ya chumba na kamba mkononi. Alimwona Bonge akitapika mate. Alimsikia shangazi akisema sasa kwamba huenda kamenaswa na kipande cha uzi kooni. Dawa yake ni tonge la mkate lililoloweshwa, apewe alimeze, lisukume kila kitu chini. Mama akaumega mkate. Akauchovya kwenye maziwa. Akausogeza kwenye mdomo wa mtoto.

"Mama, usimpe," Chiriku akasema. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye hakuitambua. "Si uzi. Amemeza betri ya saa yangu."

Mama hakupiga kelele. Mkate ulimdondoka. Alimtazama Chiriku, akatazama saa iliyofunguka ambayo Chiriku sasa alikuwa ameitoa mfukoni, kisha akamtazama shangazi kama anayeomba aambiwe kwamba amesikia vibaya. Shangazi alikuwa amefunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

Walitoka vile walivyokuwa. Mama alikuwa na kanda ya kupimia shingoni na kiatu kimoja mguuni. Shangazi alisimama katikati ya barabara akasimamisha gari la kwanza lililopita, na dereva, mtu wasiyemjua, alipoona uso wa mama hakuuliza nauli.

Hospitali ilikuwa na foleni mpaka nje. Muuguzi wa mapokezi aliwaambia wakae, wataitwa. Shangazi akasema mtoto kameza betri. Kalamu ya muuguzi ikasimama. Akainuka, akampokea Bonge mikononi mwa mama, na kuondoka naye kwa mwendo ambao si kukimbia lakini mtu akikimbia hamfikii.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu aliyezungumza polepole. Aliuliza betri ilikuwa ya namna gani. Aliuliza ukubwa wake. Aliuliza ilimezwa lini, na kama mtoto amekula kitu baada ya hapo. Kwa kila swali, mama na shangazi walimgeukia Chiriku. Hapakuwa na mwingine wa kujibu.

Akajibu. Alisema aliificha saa alipotumwa kupeleka gauni, kwa hiyo ni baada ya hapo. Alisema hajala kitu, mkate haukumfika. Aliitoa saa, na mama akaishusha kanda yake shingoni akapima lile shimo kama anavyopima tundu la kifungo. Daktari akaitikia kwa kichwa.

Picha ya eksirei ilipowekwa mbele ya taa, wote waliiona bila kuonyeshwa. Mbavu za Bonge zilikuwa nyembamba kama za ndege. Juu yake, chini kidogo ya shingo, kulikuwa na duara jeupe, limekaa kimya kama jicho.

Mama akaligusa duara lile kwa kidole.

Daktari akawaeleza. Betri bapa kama ile ikikwama kwenye njia ya chakula haikai tu. Mate yakiigusa, inaanza kuichoma nyama, na haihitaji siku nzima kutoboa. Watu wengi, alisema, hawajui kilichomezwa. Hudhani ni meno, hudhani ni mafua, humpa mtoto vyakula vya kusukuma au humtapisha, na kumbe kila dakika betri inakula nyama. "Huyu mmemleta mapema kwa sababu mtu mmoja alisema," akamaliza, akaingia ndani.

Walisubiri kwenye benchi. Hakuna aliyemgombeza Chiriku, na hilo lilimuumiza kuliko kugombezwa. Kiatu kimoja cha mama, mguu mmoja mtupu wenye vumbi. Hicho ndicho alichokitazama muda wote.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alibeba kisahani. Ndani yake kulikuwa na betri. Asubuhi ilikuwa inang'aa, ikiendesha saa. Sasa ukingo wake mmoja ulikuwa mweusi, umeungua. Alisema Bonge yuko hai na atapona, ila ana kidonda ndani, na kwa siku kadhaa atalishwa kwa mrija puani mpaka kikauke. Mama akaanguka magotini pale pale, akalia kwa sauti. Na ndipo Chiriku naye akalia.

Bonge alirudi nyumbani amekonda, jina lake likimpwaya, sauti ikikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Siku alipokunywa uji mwepesi mwenyewe na kudai mwingine kwa kupiga kikombe mezani, shangazi alisema huyo sasa ni yeye.

Mama alikwenda kwa muuza saa, akamchukua Chiriku. Hakwenda kugombana. Aliiweka saa juu ya kioo cha meza, mgongo juu, akasimulia. Muuza saa alisikiliza mpaka mwisho, uso umembadilika. Kisha akateremsha saa zote za aina ile kutoka rafuni, akazigeuza moja baada ya nyingine. Kadhaa zilikuwa na tundu tupu. Akakaa kwenye kiti chake kama aliyesukumwa. Kosa ni lake, alisema. Aliahidi kubadilisha, lakini hakuna aliyerudi kulalamika, naye alichukulia kimya kuwa ni heri. Kama hata mteja mmoja angesema, angezigeuza siku ile ile. Saa zile hakuzirudisha rafuni.

Shuleni, Chiriku aliomba ruhusa ya kusema mbele ya darasa. Alisimulia yote, na plasta pia, na sababu ya plasta. Alipomaliza, wenye saa walikuwa wamezivua na kuzigeuza. Saa Sita akaitazama ya kwake kwa makini, akasema, "Yangu imekufa zamani, lakini mfuniko umebana." Darasa likacheka, na Chiriku akacheka nao. Kisha akamwita kwa jina lake halisi, lile la kwenye daftari la mahudhurio, akamwomba radhi. Wengine walichukua muda kukumbuka ni nani anayeitwa hivyo.

Jioni ile alichukua sumaku kama kawaida, akaikokota chumba kizima, akakipindua na kikapu. Mama aliusimamisha mguu wake kwenye cherehani. Alikuwa hajamwambia Chiriku neno juu ya jambo lile tangu hospitali, naye alikuwa akilingoja kama mtu anayengoja sindano.

"Njoo hapa," mama akasema. Akaishika sumaku, akazifuta pini kwa kidole. "Miaka yote nimeogopa pini. Nikadhani nikizimaliza pini nimemaliza hatari. Kumbe hatari ilikuwa juu, mkononi mwa binti yangu, imebandikwa plasta. Kitu kidogo kikiharibika, nionyeshe kikiwa kidogo. Sitakucheka. Na wakikucheka wengine, kicheko hakimtoboi mtu koo." Akamrudishia kamba. "Hii huokota chuma, mwanangu. Siri haiokoti. Hiyo lazima uilete mwenyewe."

Chiriku akasema kwamba mkasi mkubwa wa mama, ule mpya, jana ulimdondoka yeye mwenyewe akiutumia, na tangu hapo skrubu yake inacheza.

Akamletea. Mama akaupokea, akautikisa sikioni, chaka chaka, na kwenda kutafuta bisibisi. Bonge akashushwa sakafuni.