Walimlilia Bibi Yangu Akiwa Hai

Nina miaka ishirini na sita. Sijaolewa, sina mtoto, na kazi yangu ni kuandika mabango hapa Ngara mjini: ya maduka, ya saluni, ya wauza mbolea. Watu husema nina roho ngumu na kwamba sichekicheki na wanaume. Ni kweli! Lakini sikuzaliwa hivi, wasomaji wenzangu. Nilifanywa hivi na kijana ambaye hakuweza kuchora hata duara likakutana...

Nililelewa na bibi yangu mzaa mama, huko Kanazi, wilaya hiihii ya Ngara. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba alioa kwingine akatusahau. Bibi alinikuza kwa migomba yake, maharage yake na vikapu vyake. Vikapu hasa! Hakuna nyumba ya Kanazi iliyooza binti bila kikapu cha bibi kubeba zawadi. Kila mchoro wa ususi wake ulikuwa na jina. Kulikuwa na njia ya siafu, kulikuwa na vilima viwili, kulikuwa na mmoja aliouita mke mwenza, kwa sababu mistari yake inakwenda pamoja lakini haigusani kamwe.

Nilijifunza kuchora kwa kumwangalia. Ndiyo maana nilipomaliza sekondari nikaenda Biharamulo, kwenye chuo kimoja cha ufundi, kusomea ubunifu wa michoro kwa kompyuta.

Huko nilipangiwa chumba kimoja na Yusta. Tulikula sahani moja, tulivaliana nguo, tulisali pamoja Jumapili. Nilimwita dada. Dada! Leo nikilikumbuka neno hilo natamani kusukutua mdomo.

Na huko ndiko nilikokutana na Renatus.

Mtataka niwaeleze alivyokuwa? Viatu vyeupe hata msimu wa matope. Miwani ya urembo, maana macho yake yalikuwa mazima. Na mdomo... Mdomo ule, ndugu zangu! Alilitaja neno ubunifu kuliko padri anavyotaja amina. Walimu walimpenda, wasichana walimpenda, na mimi mpumbavu nikampenda kuliko wote. Akikaa mbele ya kompyuta alikuwa akihamisha picha za wenzake huku na huko kama mtu anayepanga viazi gulioni.

Mwaka wa mwisho mwalimu aligawa darasa katika makundi. Kila kundi lilitakiwa kupanga studio yake ya michoro: jina, nembo, rangi, mpaka kuta zitakavyokuwa, na yote yabebwe na wazo moja. Wafadhili fulani wangekuja kutazama, na kundi bora lingepewa chumba mjini na vifaa vya kuanzia kazi.

Mimi, Yusta na Renatus tukawa kundi moja. Furaha niliyokuwa nayo!

Renatus alikuja na wazo lake. Tai wa dhahabu, na jina la Kiingereza ambalo hata yeye alilitamka kila siku kivingine. "Dhahabu inauza," alisema, akijiegemeza kwenye kiti kama waziri.

Mimi sikubishana. Nilikwenda chumbani, nikarudi na kikapu ambacho bibi alinisukia nilipokuwa naondoka nyumbani, nikakiweka mezani. Kisha Yusta akapiga makofi, "Devotha, ndiyo hii! Ndiyo hii hapa!"

Tukaiita Studio Kikapu. Nilichora kila kitu mimi. Njia ya siafu ikazunguka ukuta mzima, vilima viwili vikakaa kwenye kadi za harusi, mke mwenza kwenye fulana. Rangi zikawa tatu tu: ile ya nyasi kavu, nyeusi ya tope la bondeni, na nyekundu ya udongo wetu. Yusta akashauri kazi ya mteja ikikamilika akabidhiwe ndani ya kikapu kidogo. Renatus akashauri... Hivi Renatus alishauri nini? Nimejaribu kukumbuka miaka yote hii. Alishauri tuwe na mkurugenzi, na mkurugenzi awe yeye.

Kwa nembo nilimchora bibi mwenyewe, ameketi, kikapu kimekaa mapajani, uso umeinama kidogo. Tulikwenda Kanazi kumwomba ruhusa. Renatus alikuwa tayari ameniahidi ndoa, kwa hiyo safari ile niliiona kama ya kumtambulisha. Bibi alitupikia ndizi na maharage, akatoa rubisi, pombe ya ndizi aliyokuwa amemwekea mgeni wa heshima. Aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akacheka.

"Sasa mnanibandika ukutani kama mtakatifu! Haya, nibandikeni. Ila msinizeeshe zaidi ya hapa."

Alipokuwa akituaga alimpa Renatus kikapu, akamwita mjukuu. Yule fisi akakipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, macho yamelowa. Machozi yale! Kumbe alikuwa anayafanyia mazoezi...

Wafadhili walipokaribia kuja, nilipigiwa simu kwamba bibi amelazwa, kifua kimembana. Nilichanganyikiwa. Renatus akanishika mabega akasema, "Mpenzi, nenda kamuuguze bibi yetu. Kazi umeshaimaliza, mimi na Yusta tutaieleza tu." Yusta akanifungia nguo zangu kwenye begi. Nilipanda gari la Ngara nikimshukuru Mungu kwa kunipa watu wawili wa aina ile. Je, kuna mtu aliyewahi kumshukuru Mungu kwa nyoka?

Bibi alipona. Tulirudi nyumbani Kanazi, na kesho yake asubuhi, kabla watu hawajajua tumerudi, alikuwa ameketi uani anapukuchua maharage, mimi nafua, tukasikia kilio kutoka barabarani.

Alikuwa shoga yake wa tangu utotoni, bibi Bernadeta, anakuja amejifunga kanga kiunoni, mikono kichwani, anamlilia bibi yangu kwa jina la utotoni! Nyuma yake wanawake wa jumuiya ya kanisa wakiwa na kuni, na kapu la unga, na vijana wawili wamebeba majembe ya kuchimbia kaburi.

Bibi Bernadeta alipoingia uani akamwona marehemu na ungo wa maharage mapajani, akakaa chini palepale.

Bibi akauliza, "Mnamlilia nani?"

Kijana mmoja akanipa simu yake. Kwenye video alionekana Renatus, amevaa suti, anakata utepe mbele ya chumba kile cha wafadhili pale Biharamulo. Nyuma yake ukuta wangu, siafu wangu, nyekundu yangu. Anasema wazo hili alirithishwa na bibi yake mzaa baba, msusi wa vikapu, ambaye ametangulia mbele za haki kabla ya kuyaona matunda haya... Sauti ikamkatika, akajifuta machozi. Yusta, kando yake, akampa leso! Kisha wageni wote wakasimama kwa dakika moja ya ukimya kumkumbuka marehemu. Mwisho ikaja picha ya bibi yangu, niliyoichora kwa mkono wangu, imeandikwa chini: Pumzika kwa amani.

Watu waliotufahamu waliiona ile sura, wakayasoma yale maneno, wakajua bibi wa Kanazi amefia hospitali. Nani angewalaumu?

Mwanzoni tulicheka. Ule unga ukasongwa, wageni wakala, bibi akawatania kwamba msiba wake una chumvi kidogo. Lakini alasiri mjomba wangu mkubwa akafika na familia yake yote kutoka Kaniha, wanalia tangu njiani. Alipomwona mama yake mlangoni alikasirika, akanigeukia mimi. Alisema nimemdhalilisha, kwamba ameacha mahindi yake shambani na kuwaaga majirani wote wa Kaniha kwa ajili ya upuuzi wa watoto wa chuo. Nilijieleza, hakutaka kusikia.

Walipoondoka wote, kikapu ambacho bibi alikuwa amekianza kilibaki katikati. Nilipomuuliza, alijibu neno moja tu ambalo bado linanichoma: "Mkono wa marehemu hausuki, mjukuu wangu."

Nilitaka kwenda Biharamulo peke yangu. Bibi akakataa. Alivaa gauni lake la Pasaka, akachukua fimbo yake, akasema anataka akajionee alikozikwa.

Tulikuta wateja ndani ya studio. Yusta alikuwa mbele, amevaa fulana yenye uso wa bibi kifuani. Alipotuona rangi ilimpotea, lakini adabu aliyofunzwa nyumbani ikasema yenyewe, "Shikamoo bibi."

"Marahaba," bibi akamjibu. "Naona umenivaa."

Yusta akakimbilia chumba cha nyuma. Renatus akatoka. Alimtazama bibi, akautazama ule uso mkubwa ukutani, akawatazama wateja. Mwanamume mwenye chembe ya haya angepiga magoti. Unafikiri alifanya nini huyu?

Alitabasamu! Akasema kwa sauti ya upole, ili kila mtu asikie, "Bibi huyu simfahamu. Wazee wengine huchanganyikiwa wakiona picha. Mama, kama umekwama na nauli, sema tukusaidie."

Nilimrukia. Wateja wakanishika. Lakini bibi hakupandisha sauti. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaweka fimbo yake mapajani, akainamisha uso kidogo. Watu wakatazama ukuta, wakamtazama yeye, wakatazama ukuta... Mama mmoja akajishika mdomo.

"Ulikula kwangu," bibi alimwambia. "Nikakuita mjukuu. Ungeniomba hicho kikapu ningekupa, maana hata nilikupa. Kwa nini umeona lazima nife kwanza?"

Renatus alifungua ule mdomo wake maarufu. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, haukutoa kitu! Ulibaki wazi kama mlango wa stoo iliyoibiwa.

Mnadhani haki ilitendeka? Nilikwenda kwa wale wafadhili. Waliniambia yale ni mambo ya vijana kugombana, tukayamalize wenyewe. Mwalimu alisema angejua mapema... Chumba kikabaki kuwa cha Renatus. Na nilikuja kujua kwamba Yusta alikuwa ameahidiwa ndoa ileile niliyoahidiwa mimi. Ndoa moja, wanawake wawili, bwana harusi maneno matupu!

Studio ile haikufika mbali. Wateja walipotaka michoro mipya, Renatus alikuwa na ileile ya kwangu, akaigeuza juu chini mpaka ikaisha. Kisha kigango kimoja kikamwagiza bango la sherehe ya Kipaimara. Akalichapa kubwa, la dhahabu kama alivyopenda siku zote, limeandikwa: KALAMU YA KIPAIMARA. Kalamu! Watoto walisimama mbele ya kanisa chini ya bango lile, na waumini wakawa wanaulizana kama leo kuna mtihani. Baada ya hapo hakuna aliyemletea kazi. Alifunga, akamwacha Yusta na mimba, akahamia sijui wapi na viatu vyake vyeupe.

Nilicheka? Nilicheka sana. Lakini sikilizeni kicheko kile kilivyonitokea puani.

Masika yaliyofuata bibi alifariki. Safari hii kweli. Kifua kilirudi, na asubuhi tulipompelekea uji hakuamka. Nilimpigia mjomba simu huku nalia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Devotha, mimi silizwi mara mbili." Akakata. Nilipiga tena, simu imezimwa. Mama zangu wadogo wa Nyakisasa nao walisema watasubiri wapate uhakika. Watu wa jumuiya walifika mmoja mmoja, wanachungulia kwanza dirishani kama mwenye nyumba yumo...

Tulisubiri mpaka haikuwezekana kusubiri tena. Bibi yangu, aliyesukia vikapu harusi za kata nzima, alizikwa na watu wachache kiasi kwamba mimi mwenyewe nilishika jembe. Mjomba alifika kaburi likiwa limeshafunikwa. Alilitazama lile tuta jipya, akaanguka kifudifudi, akalia "mama, mama" na mikono yake ikichimba udongo ule kama anayetaka kumtoa. Mpaka leo tukikutana hatuwezi kutazamana usoni.

Wiki ileile nilipokea ujumbe kwenye simu, namba nisiyoijua. Pole mpenzi kwa msiba mzito wa bibi yetu. Renatus.

Bibi yetu! Alimkana mbele za watu akiwa hai, amemkumbuka akiwa udongoni! Sikumjibu. Matusi ninayo, tena ya Kihangaza, yanayouma kuliko ya Kiswahili, lakini nilimwona hastahili hata kutukanwa. Kuna watu ukiwatukana unakuwa umewapa heshima.

Wanafunzi mnaonisoma, ambao sasa hivi mmekaa mezani mnachagua jina na rangi ya studio yenu na mnaona ninyi ni ndugu, nawasihi. Tazameni nani anachora na nani anaongea. Kabla hamjaleta mezani kitu cha mama zenu na bibi zenu, wekeni majina yenu wote mbele ya mashahidi, kazi ya nani ni ipi. Msiseme tunapendana, hakuna haja. Mimi nilisema hivyo. Na wewe binti unayeambiwa nenda tu mpenzi, tutakuelezea kazi yako, usiende kabla hujaieleza kwa mdomo wako mwenyewe.

Na mkimwona mtu analia vizuri mno mbele za watu, ondokeni mapema. Anayeweza kumzika bibi yako akiwa hai, wewe atakuzika huku umemshika mkono.