Onésime na Dawa ya Kutuliza Majani

Onésime hakuwa na mashine ya kukata majani. Hakuwa na mwenzake wa kumsaidia. Hakuwa na buti wala koti la mvua. Zaidi ya yote, hakuwa na konji, likizo ya kwenda kwao. Miaka miwili ilipita bila kumwona mama yake, mzee Mukantwari, huko kwenye vilima vya Masisi.

Alichokuwa nacho ni kupekupe moja ya kufyekea, na uwanja wa majani wa nyumba ya wageni kando ya ziwa.

Mwaka huo wa 1955 Goma ilikuwa ndogo bado. Gari likipita, watu walijua ni la nani kwa kusikia mlio wake tu. Na asubuhi, kupekupe ya Onésime ikianza, fyu, fyu, akina mama waliinuka kuwasha moto.

Lakini mvua haikumpa nafasi. Akimaliza upande wa ziwa, upande wa barabara umeshaota tena. Mwenye nyumba, mzungu mrefu, alimwambia, "Majani yakikaa mafupi wiki mbili bila kukatwa, nenda kwa mama yako." Kisha akacheka.

Honoré, moniteri aliyefundisha watu kilimo, hakucheka. Alileta pakiti ya dawa.

"Papa Onésime, dawa hii haiui majani. Inayapunguzia mbio ya kukua."

"Mimi mutoto wa wachungaji! Baba yangu aliomba mvua majani yaote. Leo mimi niyazuie?"

"Kwani hapa kuna ng'ombe? Kuna viti tu!"

Mukamurenzi, mke wa Onésime, alikuwa akianika nguo karibu. "Mumuache, moniteri. Bibi yake wa kwanza ni ile kupekupe."

Onésime akacheka bila kutaka. Akakubali.

"Tujaribu kipande kidogo kwanza," alisema Honoré. "Majani yawe mazima, umande umekauka, na mvua isiwe karibu. Tufuate kipimo cha kwenye pakiti. Kisha nawa mikono vizuri. Na majani haya yasiliwe na mnyama."

Wakanyunyizia kipande kimoja. Honoré alipoondoka, Onésime aliongeza kipimo cha pili juu yake. Ikiwa dawa kidogo inapunguza, aliwaza, nyingi itamaliza kazi.

Baada ya siku chache kipande kile kikawa cha manjano, kama jani la mgomba lililozeeka. Mwenye nyumba akikiona, kazi imekwisha, na safari pia.

"Uliongeza?" aliuliza Honoré.

"Niliongeza."

"Ndiyo sababu tulianza na kipande kidogo, Papa. Dawa ikizidi kipimo, inaumiza. Tungoje."

Walingoja. Polepole kijani kikarudi. Ndipo wakafyeka na kunyunyizia uwanja wote, safari hii kwa kipimo sawasawa.

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili. Kupekupe ikakaa ukutani. Mwenye nyumba akasimama katikati ya uwanja, akatazama chini. Majani hayakufika hata kwenye kamba za viatu vyake. Safari hii hakucheka.

"Nenda," alisema.

Siku hiyo Onésime alikaa mezani. Kwa herufi alizojifunza katika masomo ya jioni, aliandika mwenyewe, bila kumwomba mtu: "Mama, majani yametulia. Nakuja."

Akaramba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, akaipeleka posta.