Sijambo, Ila

Mkaguzi uliingia wodini asubuhi, magurudumu yake yakiteleza sakafuni bila kelele. Ulikuwa mtambo mrefu wenye mikono minne, na adabu uliyofundishwa ilizidi ya watu wengi waliolelewa na mama zao. Ukainama mbele ya kitanda cha kwanza.

"Shikamoo, Babu Shigela."

"Marahaba."

"Hujambo?"

"Sijambo."

"Nimefurahi," ukasema Mkaguzi, ukagusa kifua cha mzee, ukaenda kitanda cha pili.

Geita ya siku hizo haikupeleka tena watu chini ya ardhi. Dhahabu ilichimbwa na mitambo isiyo na mapafu. Vumbi la mawe lilibaki vifuani mwa wachimbaji wa zamani, na kwa ajili yao Dk. Kabula, mjukuu wa Babu Shigela, alibuni kipumuo, kidude kilichopachikwa chini ya mbavu kusukuma hewa pale mwenyewe aliposhindwa. Kila asubuhi Mkaguzi ulipunguza nguvu ya kipumuo kidogo ili mapafu yajifunze kazi yake, kama mama anavyomwachisha mtoto ziwa. Lakini ulimpunguzia tu mgonjwa aliyesema hana jambo. Kanuni hiyo Kabula aliitunga mwenyewe: neno la mtu kwanza, namba baadaye. Alipongezwa sana, maana mitambo ya awali ilikuwa imewatesa watu kwa kufuata namba bila kuwasikiliza.

Na Babu alitaka kitu kimoja tu, kurudi nyumbani kwake kilimani. Sharti lilikuwa atembee ukumbini hadi dirishani na kurudi bila kusimama. Alipolazwa alikuwa akifika dirishani, akipumzika tu wakati wa kurudi. Baadaye akawa anaishia katikati ya ukumbi.

Siku hiyo aliishia mlangoni mwa wodi. Akashika ukuta, midomo imebadilika rangi.

Kabula alimrudisha kitandani, akafungua vipimo vya tangu alipolazwa, akaviangalia vyote kwa pamoja. Mapafu yalikuwa yameshuka wiki baada ya wiki, na moyo umechoka nayo. Mapafu yenye makovu ya mawe hayakuwa yakijifunza chochote. Hofu ikageuka hasira, na hasira ikamwangukia mzee.

"Babu! Unaishiwa hewa na kila siku unasema hujambo? Mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Nani kaficha, mke wangu?" Babu alimwita mjukuu wake hivyo tangu Kabula akiwa mtoto. Leo alisema hivyo kwa kukatika pumzi. "Nimesalimiwa. Mtu akisalimiwa anajibu sijambo. Hata mwenye msiba anajibu sijambo."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo anasema ila. Ila kifua. Ila sikulala." Akapumzika. "Mashine yako, nikifika kwenye ila, iko kitanda cha pili."

Kabula akaugeukia Mkaguzi. "Babu Shigela ana hali gani?"

"Hana jambo," ukajibu kwa upole. "Amesema mwenyewe kila siku. Vipimo vinapingana naye, lakini neno la mtu ni kwanza."

Lo! Msichana aliyelelewa kwa salamu ndefu za ukoo wao, anayejua kwamba mgeni huulizwa habari mpaka chai ipoe, ndiye aliyeufundisha mtambo kuondoka baada ya neno la kwanza. Aliona aibu, akataka kulia.

"Kwa nini hukuniambia mimi, Babu?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Wewe nawe unapita asubuhi. Hujambo, sijambo, unakimbia. Nikasema, mtoto ana kazi."

Kabula akarudisha nguvu yote ya kipumuo cha Babu na cha kila mgonjwa wodini. Akaifuta kanuni yake. Rangi ya midomo ya mzee ikarudi, lakini vipimo havikupanda. Pafu likishakaza halilegei, na hilo alilijua kabla hajaambiwa na yeyote.

Kesho yake alifika mapema, akavuta kigoda, akaketi. Mkaguzi ulisimama nyuma yake.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mke wangu."

"Hujambo?"

"Sijambo."

Kabula hakuondoka. Alimshika mkono, akangoja. Kipumuo kilisukuma kwa nguvu zake zote.

"Ila," akasema Babu.

Akavuta hewa, akajaribu tena. "Ila..."

Kabula akasogeza sikio. Safari hii hakuna aliyemkatiza. Pumzi ndiyo iliyokwisha.