Fomu ya Daon na Glavu za Kimchi

Kila siku akitoka shule, mjukuu wangu Daon huutupa mkoba mlangoni, huvua viatu bila kutumia mikono, halafu huuliza kuna nini cha kula. Ni msichana wa miaka kumi na mmoja. Mama yake, binti yangu, ni fundi katika kampuni ya hapa mjini Gumi, Korea, inayotengeneza vidude vya masikioni vya kupokelea simu.

Mwaka huu wakubwa wa kampuni waliamua kuviuza jeshini. Wakamwajiri mshauri, Bwana Pyo, ambaye hajawahi kushika bisibisi. Akagawa fomu kwa familia za wafanyakazi: jaribuni siku saba, kwenye mvua, mkikimbia, mkivaa glavu. Daon alijaza "ndiyo" kote siku ya kwanza, akaenda kuteleza kwenye barafu. Wakubwa wakazitia sahihi fomu zote bila kuuliza.

Jumamosi tulitengeneza kimchi ya majira ya baridi, kabichi ya kuchachusha kwa chumvi na pilipili. Tangu mke wangu afariki, chumvi napima mimi, na kila mwaka nasutwa. Mama Daon alivaa glavu za mpira zilizojaa pilipili. Simu ikaita. Akagusa kidude sikioni. Kimya. Akagusa tena na tena, mpaka shavu likawa jekundu kwa pilipili.

"Bibi harusi huyo," nikamtania, maana bibi harusi wa kwetu hupakwa doa jekundu shavuni.

"Baba, acha. Kinataka kidole kitupu. Mbona fomu zilisema glavu hazina shida? Jumatatu namwonyesha kanali wa jeshi, na askari wa mpakani watavivaa Januari."

Daon akaacha kutafuna. "Mama, fomu yangu niliijaza bila kujaribu."

"Yote?"

"Yote. Hata ya mvua. Wiki ile haikunyesha."

Mama yake akavua glavu, akampigia Bwana Pyo.

"Jumatatu vaa glavu nyembamba za kugusia simu," akasema Pyo. "Nani atajua?"

"Askari atajua, akiitwa asiweze kujibu."

Jumapili nzima Mama Daon alikuwa karakanani na wenzake wakiweka kitufe cha kubonyeza. Daon alikijaribu kwa glavu za mpira, za sufu, hata kwa soksi, akijaza fomu mpya polepole.

Jumatatu, sisi wa familia tukitazama, kanali alibonyeza akiwa na glavu zake nene, akasikia, akaomba vidude mia moja vya kujaribia. Wakubwa wakapiga picha na Bwana Pyo.

"Ungenyamaza, ningedhani kibovu ni changu tu, nikamdanganya kanali bila kujua," Mama Daon akamwambia bintiye. "Uongo wa 'ndiyo' moja hupanda ofisi kwa ofisi, na huko juu hakuna anayeuangalia. Jaribu kwanza, ndipo uandike."

Nilitamani wakubwa wayasikie maneno hayo, lakini walikuwa bado wanapiga picha.