Lokuruka na Simu ya Kufukuza Mbu

Lokuruka ni fundi wa kuchomelea vyuma huko Bulla Pesa, mjini Isiolo. Jioni hufunga karakana, hunawa mikono kwa sabuni ya unga, kisha hurudi nyumbani. Nyumba yake ni chumba kimoja cha mabati cha kupanga. Anaishi humo na mke wake Akaale na binti yao mdogo, Apua.

Mwaka huu Lokuruka alinunua simu mpya, ile ya kugusa kioo. Kila jioni waliketi mlangoni kutazama maajabu yake. Kulikuwa na app, yaani programu ya simu, iliyozeesha uso wa mtu. Apua alimwona baba yake akiwa na mvi, akacheka mpaka akalala chini. App nyingine ilitaja jina la nyota ukiielekeza simu angani. Nyingine ilifanya kazi ya pima maji. Lokuruka aliweka simu juu ya mlango wa chuma, ikamwonyesha kama mlango umelala sawa.

"Hii imenisaidia kwa kazi," alimwambia Akaale. "Sasa ngoja uone hii nyingine."

App hiyo iliitwa Fukuza Mbu. Ukiifungua, simu ilitoa sauti nyembamba kama filimbi ya mbali. Maandishi yalisema kwamba mbu wakisikia sauti hiyo hukimbia.

"Ni kweli?" Akaale aliuliza.

"Watu wengi wameisifu. Angalia hizi nyota zote walizoipa."

Mvua zilikuwa zimenyesha, na maji yalisimama kwenye mitaro. Mbu walikuwa wengi. Lakini joto pia lilikuwa jingi, na Akaale alikuwa na mimba ya miezi sita. Ndani ya neti yao ya kuzuia mbu alijisikia kama yuko jikoni.

"Basi tutoe neti," Lokuruka alisema. "Simu itafanya kazi."

Akaale alisita kidogo. Kliniki walikuwa wamemwambia mjamzito alale ndani ya neti. Lakini hewa ilikuwa nzuri bila neti, na simu ilikuwa inalia karibu na mto wa kulalia. Aliikunja neti, akaiweka ndani ya sanduku.

Baada ya wiki mbili hivi, Akaale aliamka akihisi baridi. Nje jua lilikuwa kali, lakini yeye alitetemeka chini ya blanketi. Kichwa kilimuuma. Alitapika chai.

"Ni uchovu," alisema. "Nitalala kidogo."

Kufikia saa nne asubuhi mwili wake ulikuwa moto. Aliweka mkono juu ya tumbo, akangoja.

"Baba Apua," alisema polepole, "mtoto hachezi kama jana."

Lokuruka alitoka nje haraka, akaenda nyumba ya pili. Huko aliishi Habibo, ambaye majirani humwita Mama Waqo. Habibo ni mhudumu wa afya ya jamii. Hutembelea nyumba za mtaa akiwa na mkoba wake wa vifaa.

Habibo alikuja mara moja. Alivaa glavu, akamdunga Akaale kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo kidogo. Wakangoja. Mistari miwili ilitokea.

"Ni malaria," Habibo alisema. "Na kwa mjamzito sitaanza kungojangoja hapa. Malaria inaweza kumaliza damu ya mama, na inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Baba Apua, ita tuktuk. Tunaenda hospitali sasa hivi."

Njiani Akaale alifumba macho, na Lokuruka alimshika bega ili asirushwe na mashimo ya barabara. Alikuwa akifikiria tumbo lile lililotulia.

Hospitalini, muuguzi alimlaza Akaale kitandani. Alichukua kifaa kidogo kinachotoshea mkononi, akakiweka juu ya tumbo. Kwanza kulikuwa na mkwaruzo tu, kama redio isiyoshika stesheni. Muuguzi alisogeza kifaa kidogo upande wa kushoto.

Tuku, tuku, tuku, tuku.

"Hiyo ni nini?" Lokuruka aliuliza.

"Ni moyo wa mtoto wenu."

Sauti ilikuwa kama punda anayekimbia. Akaale aligeuza uso ukutani akalia kimya. Lokuruka naye alijipangusa macho kwa mkono wa shati.

Akaale alilazwa, akapewa dawa. Homa ilipungua, na mtoto akaanza kurusha miguu tena. Akaale aliporuhusiwa kwenda nyumbani, alipewa dawa za kumalizia huko.

Habibo alikuja kuwaona. "Mbona malaria imekupata, na neti unayo?" aliuliza.

Akaale alimtazama mume wake. Lokuruka alieleza habari ya Fukuza Mbu. Habibo alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo sauti haifukuzi mbu," alisema. "Wataalamu wamejaribu sauti za namna hiyo mara nyingi. Mbu waliendelea kuuma tu."

"Labda aliumwa akiwa nje jioni," Lokuruka alisema. "Labda simu iliisha chaji."

Habibo hakukasirika. "Baba Apua, ukimaliza kuchomelea geti, unampa mwenyewe hivyo hivyo?"

"Hapana. Kwanza nalipiga nyundo. Nalivuta. Nikiona halijaachana, ndio nampa."

"Na hii simu uliipiga nyundo lini?"

Lokuruka alicheka kidogo. "Sawa, Mama Waqo. Wacha tuipige leo."

Waliosha mtungi wa plastiki unaoonyesha ndani. Mbu walijificha nyuma ya nguo zilizotundikwa na chini ya kitanda. Habibo na Lokuruka waliwafunika mmoja mmoja kwa mtungi, wakafunga mdomo wa mtungi kwa kitambaa chepesi. Lokuruka alifungua Fukuza Mbu, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaisimamisha simu karibu na mtungi.

Mbu hawakukimbilia upande wa pili. Wengine walitembea. Wengine walipumzika. Mmoja alikuja kwenye ukuta wa mtungi, upande ule ule wa simu, akatua hapo akijipangusa miguu.

"Huyu anasikiliza muziki," Apua alisema.

Hata Akaale alicheka. Lokuruka alikuwa amekodoa macho. Alizima sauti, akaiwasha tena. Mbu yule hakuondoka.

"Nyota zote zile," alisema. "Kumbe hakuna mtu aliyepima."

"App ya kuzeesha uso ikidanganya, mnacheka tu," Habibo alisema. "Lakini ya ugonjwa ikidanganya, mtu analazwa. Kwa hivyo uliza kwanza: nani ameijaribu? Anayesema inafanya kazi ndiye anayeiuza? Kama ni mambo ya afya, njoo kwangu au uende kliniki kabla ya kuacha ile njia uliyoambiwa."

"Basi nitupe simu?"

"Kwa nini? Simu yako ni nzuri. Ilete hapa."

Habibo aliweka kengele mbili kwenye simu, moja ya asubuhi na moja ya jioni, ili Akaale asisahau dawa. Alimwambia azimeze zote, hata akijisikia amepona. Kisha Habibo aliomba kuona neti. Akaale aliitoa sandukuni. Ilikuwa na tundu moja, na Habibo alimwonyesha jinsi ya kulishona. Lokuruka alipinda nondo nyembamba, akatengeneza fremu ya kuinua neti juu. Sasa kulikuwa na nafasi zaidi ndani, na joto lilipungua kidogo. Mwisho walichomeka pindo chini ya godoro pande zote.

"Na huu mtaro?" Habibo aliuliza walipotoka nje.

Kesho yake Lokuruka na majirani walichukua majembe, wakafungua mtaro mpaka maji yakapita.

Mtoto alizaliwa hospitalini akiwa na nguvu na sauti kubwa. Alikuwa msichana. Mvua ilikuwa inanyesha siku hiyo, kwa hivyo walimwita Nakiru, jina la Kiturkana la msichana aliyezaliwa wakati wa mvua.

Jioni moja, Nanok, kaka yake Lokuruka, alipiga simu ya video kutoka Gotu.

"Kuna mtu hapa anauza bangili ya kuzuia nyoka," Nanok alisema. "Anasema ukiivaa, nyoka hakuumi. Nikununulie?"

"Nani ameijaribu?"

"Yeye mwenyewe anasema ni kali sana."

"Huyo anauza. Tafuta mwingine asiyeuza, umuulize. Na wewe endelea kuvaa buti zako."

Nanok alikuna kichwa. "Wewe siku hizi umekuwa mgumu. Haya, nionyeshe mtoto."

Lokuruka alielekeza simu kitandani, ambapo Akaale alikuwa amelala na Nakiru.

"Simwoni vizuri," Nanok alisema. "Kuna kitu kama ukungu. Kamera yako ni chafu?"

"Kamera ni safi. Hiyo ni neti."

"Si uifungue kidogo nimwone?"

"Hapana," Lokuruka alisema. "Mbu wameshaanza kutoka. Njoo kesho mchana, umbebe."