Boksi la Mjomba Leander

Kila Jumamosi, kabla jua halijaanza kuuma, Delphine alifagia mbele ya duka la mjomba wake Leander mjini Holbrook. Kufagia kwenyewe kulikuwa kazi ya kuzunguka zunguka, maana uwanja mzima ulijaa magogo ya mawe, yamelala kama ng'ombe waliochoka. Yalikuwa miti hapo kale, kabla mtu yeyote hajaikanyaga nchi ile. Sasa ni mawe matupu, na ukiyakata ndani yana rangi nyekundu, njano na zambarau. Mjomba Leander aliyanunua kwa mfugaji aliyeyachimba katika ardhi yake mwenyewe, akawauzia wapita njia.

Asubuhi hiyo Mjomba alimpokonya ufagio akamkabidhi boksi.

"Hivi vipande vifike leo kwa sonara wa Ganado," alisema. "Nasikia mnapita katika hifadhi ya miti ya mawe kwa ajili ya mgeni wenu. Pale mlangoni watawauliza kama mna mawe. Useme mnayo. Watalifunga boksi kwa utepe na kulitia lakiri, ili huko mbele wajue hayakuokotwa kwao. Umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba."

"Umesikia, au umeitikia tu?"

"Nimesikia!" Delphine alijibu, akageuza macho. Ana miaka kumi na miwili, na bado aambiwe jambo mara mbili kama mtoto!

Mgeni mwenyewe alikuwa Kordell, mwenye miaka saba, mtoto wa mama yake mdogo Verna. Wawili hao walikuja kutoka Phoenix kumchukua Bibi na Delphine waende wote kwa jamaa huko Ganado. Mama mdogo alishika usukani wa pikapu, Bibi akaketi mbele na mfuko wake wa mikate ya kukaanga na nyama ya kondoo, na nyuma wakakaa Delphine, boksi, na balaa lile dogo.

"Tumefika?" Kordell aliuliza kabla hawajauacha mji.

"Bado."

"Sasa je?"

"Kordell, nitakufunga mdomo kwa soksi."

"Yangu au yako?"

Delphine akavuta pumzi. Boksi lilikuwa likimbana miguu. Akalisukuma chini ya kiti na kulifunika kwa blanketi.

Mlangoni mwa hifadhi walipokelewa na askari mmoja wa kike, kijana, amevaa kofia pana ambayo bado ilikuwa ngumu kwa upya. Kabla hajafungua kinywa, Bibi aliinama dirishani na kumsalimu kwa Kinavajo, lugha ya kwao.

"Mwanangu, wewe ni wa ukoo gani?"

Uso wa askari ukachangamka. "Naitwa Alvina, bibi. Kwa mama ni Ukingo wa Maji. Kwa baba ni Maji Machungu."

"Ukingo wa Maji! Verna, unasikia? Huyu ni wetu! Delphine, msalimie, kwa ukoo huyu ni mama yako mdogo. Na baba wa mama yako je, ukoo gani?"

Delphine alitaka kulia. Alijua safari hii inakoelekea. Ukitajwa ukoo wa babu wa kwa mama utatajwa na wa kwa baba, kisha kijiji, kisha kisima, kisha kondoo. Nyuma yao gari moja lilipiga honi, na jingine likajibu.

"Wiki yangu ya kwanza kazini," Alvina alikuwa akieleza huku anacheka. "Wakubwa wananikodolea macho. Nikikosea tu, narudi kituo cha mafuta kufuta vioo vya watu! Haya, mna mawe yoyote humo garini? Au miti ya mawe?"

"Na huyo baba wa baba yako," Bibi akaendelea, "si ndiye aliyekuwa na farasi mweupe?"

"Mama, mkojo!" Kordell akapiga kelele, akikipiga teke kiti cha mbele.

Honi ikalia tena, ndefu.

"Hatuna!" Delphine alipayuka. "Hatuna kitu! Twendeni basi!"

Alvina alimtazama, akatabasamu. "Kama mtu wa kwetu anasema hamna, basi hamna. Piteni salama, bibi."

Gari likaondoka. Neno lile moja liliyakata mazungumzo yote, na kwa muda mfupi Delphine alijiona mjanja. Halafu mguu wake ukagusa boksi chini ya blanketi. Akajiambia kwamba si kitu, mawe yenyewe si ya wizi.

Waliposimama penye magogo makubwa, Bibi alikataa kushuka. "Ile ni mifupa ya zimwi lililouawa na wale mapacha mashujaa wa hadithi zetu," alisema, akimenya chungwa lake. "Mtu hatembezi miguu juu ya mifupa kwa starehe. Nendeni, mrudi."

Mama mdogo akabaki naye. Delphine akapewa Kordell, na Kordell akatoweka. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake jioni, udongo wa rangi ya majivu ulikuwa bado laini, na Delphine alimwita mpaka sauti ikakauka. Mwishowe akamwona anatokea nyuma ya kichuguu cha udongo, anafunga suruali, magoti yamejaa matope.

"Nimeambiwa nisitoke njiani, kwa hiyo nikatoka kidogo tu," alieleza.

Delphine alimshika mkono. Alimburuta hadi garini, akalala usingizi wa hasira njia yote iliyobaki.

Alizinduliwa na sauti nzito. Walikuwa wamefika mlango wa upande wa pili, na mzungu mmoja mwenye masharubu, Bwana Prewitt, ameegemea dirisha la dereva. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeuliza swali lile lile tangu alfajiri.

"Kuna mawe yoyote garini?"

"Hakuna," alisema mama mdogo, ambaye hakujua habari ya boksi.

"Yapo!" Kordell akashangilia. "Tunayo mengi! Yapo hapa chini!"

Blanketi likafunuliwa. Bwana Prewitt alilitazama boksi, akafumba macho kidogo kama mtu mwenye jino bovu.

"Ni ya Mjomba Leander," Delphine alisema haraka. "Ya dukani. Ni ya halali."

"Lakiri iko wapi?"

Bwana Prewitt alipekua boksi. Vipande vyote vilikuwa vikavu na vimepigwa brashi, isipokuwa kimoja, cha ukubwa wa ngumi, chekundu kama tikiti. Kilikuwa na matope mabichi.

"Na hili nalo ni la dukani?"

Delphine alimgeukia Kordell. Kordell alitazama dari.

Bwana Prewitt alichukua simu ya upepo akamwita Alvina kule mlango wa kwanza. Je, gari hili aliliuliza? Sauti ya Alvina ilichelewa, ikaja ndogo, imejaa mikwaruzo.

"Labda nilisahau, bwana. Tulikuwa tunaongea ya nyumbani. Kosa ni langu."

"Wiki ya kwanza tu!" Bwana Prewitt aliguna. "Itabidi niwaambie wakubwa."

Mama mdogo Verna alipiga usukani kwa kiganja. "Basi, si amekiri mwenyewe? Tuacheni tuende, jua linachoma."

Delphine aliona njia iko wazi. Anyamaze tu, na kosa litabebwa na mtu aliye mbali, asiyemwona hata uso. Lakini uso wenyewe aliuona, chini ya kofia ile ngumu. Alvina alikuwa akijua vizuri kwamba hakusahau. Alikuwa akiwafunika wao kwa sababu ni wa ukoo wake, na ndiyo sababu ile ile iliyomfanya awaamini.

"Aliuliza!" Delphine alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Aliuliza vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyemdanganya. Nilichoka kungoja, nikasema hatuna."

Bibi aligeuka polepole kutoka kiti cha mbele. Akamtazama Delphine usoni.

"Na hilo jiwe nililitia mimi," Kordell akasema kwa sauti ya panya. "Lilikuwa peke yake. Nikaona humu kuna wenzake."

Bwana Prewitt alivua kofia akajikuna kichwa. "Tuliache tu hapa nje?" aliuliza mama mdogo. "Si jangwa lote ni mawe?"

"Ah, mama!" Bwana Prewitt karibu alie. "Kila mtu husema hivyo. Watu huchukua, wakifika kwao dhamiri huwauma, huturudishia. Tunayo chungu nzima kando ya barabara, na hatuwezi kuyarudisha, kwa sababu hakuna anayejua lipi lilitoka wapi. Ukiliweka jiwe pasipo pake, anayekuja kusoma habari za miti hii atasoma uongo."

"Mimi najua lilipotoka," Kordell alisema. "Nilikojoa karibu."

Kwa hiyo walirudi, karibu njia yote waliyokuja, mama mdogo akinung'unika kila kona. Alvina alikuja kutoka upande wake akawakuta penye magogo. Delphine alimtazama viatu.

"Nisamehe, mama mdogo."

"Umenitia mashakani, mtoto wewe," Alvina alisema, wala hakucheka. "Tuoneshe."

Nyuma ya kichuguu walilikuta shimo dogo katika udongo laini, kuta zake bado zimebeba alama ya kila ukingo wa jiwe. Delphine alipiga magoti, akaligeuza jiwe huku na huku, kisha likazama mahali pake, likatulia. Alvina akapumua. "Hili limepona," alisema. "Udongo ungekauka kesho ukaporomoka, tusingepajua tena."

Garini Bibi akasema hatimaye. "Uliniona napoteza muda pale mlangoni, Delphine. Nilikuwa namuuliza binti yule swali lile lile ambalo yeye alikuuliza wewe: hiki ni cha wapi, ni cha nani? Mtu akikuuliza hivyo, mpe jibu la kweli hata kama umechoka. Jibu la uongo ni fupi, lakini umeona mwenyewe leo njia yake ilivyokuwa ndefu."

Walipofika tena kwa Bwana Prewitt, jua lilikuwa limeinama. Aliwaambia ameshawatumia wakubwa habari kwamba Alvina aliuliza kama inavyotakiwa. Boksi, hata hivyo, litabaki kwake mpaka Mjomba Leander aje mwenyewe.

"Nitamweleza mimi," Delphine alisema. "Na sonara pia."

"Vizuri. Sasa, kuna mawe yoyote garini?"

Delphine alitazama chini ya kiti, akakung'uta blanketi, akageuza mifuko ya Kordell nje. "Hakuna, bwana. Nimeangalia."

Bwana Prewitt alikuwa anainua mkono kuwapungia, Bibi alipoinama dirishani.

"Delphine, muulize huyu baba. Mama yake ni wa watu gani?"

Nyuma yao honi ililia. Kordell alianza kusema habari ya mkojo. Delphine alishusha kioo mpaka mwisho, akaegemeza kiwiko, akaanza kumtafsiria Bibi neno kwa neno.