Dulce wa Saa Kumi

Siku Shariffa alipokutana na Yaarub, pindo la abaya yake lilikuwa limebanwa chini ya sanduku la vitabu. Maonyesho ya vitabu ya Maskati yalikuwa yamefurika watu, watoto wanalia, wauzaji wanaita, naye alikuwa kavaa abaya mpya ya rangi ya zaituni, iliyodariziwa mikononi.

"We kaka! Umeniwekea sanduku juu ya nguo!"

"Masikini! Niwie radhi, bibiye, nimeelemewa."

"Linyanyue kwanza, radhi baadaye."

Yaarub akalinyanyua, kofia yake imekwenda upande kichwani. Kitabu cha juu kilikuwa na picha ya mwanamke mwenye mvi fupi, anacheka meno yote nje.

"Nani huyu?"

"Dulce Arrechea. Mwandishi wa habari wa Kuba. N'namfasiri kwa Kiswahili."

"Na nani atasoma?"

"Wewe, inshallah."

Shariffa akacheka, na kosa lake likawa hapo. Walikunywa chai ya karak, na Yaarub akamsimulia habari za Dulce: mtoto wa dobi wa Cienfuegos, aliyeanza kazi ya gazeti akiwa na miaka kumi na saba akipiga chapa matangazo ya vifo, akaenda redioni, akatembea siku tatu kwa miguu kwenye matope kuandika habari za kimbunga, akafukuzwa kazi kwa sababu alikataa kufuta sentensi moja, ndipo akaandika riwaya tano kwenye meza ya jikoni. Yaarub alijifunza Kihispania Madrid alikosomea kemia. Mchana alikuwa mpimaji wa rangi kiwandani Rusayl. Dulce alikuwa kazi yake ya pili.

Baada ya miezi sita Shariffa alianza kumwona Dulce kuwa mke mwenza. Tuseme kweli, alikuwa na wivu, tena si ule wa kununa ukapita. Wake ulikuwa wivu wa kukagua. Dulce kasema hivi, Dulce kapenda vile. Yeye Shariffa alikuwa anauza miwani dukani. Kimbunga alikiona kwa dirisha tu.

"Habibi," alimwambia siku moja, "nikilisikia tena jina la bibi huyo, mimi na wewe basi."

"Ana miaka sitini na mbili, mpenzi!"

"Na meno yote anayo. Basi."

Yaarub akatii. Wiki tatu nzima hakulitaja jina. Posa ikapangwa: Ijumaa mama yake Yaarub na shangazi zake wangekwenda Amerat kwa kina Shariffa.

Jumatano Shariffa aliomba ruhusa kazini, akakaanga sambusa na kuzifunga vizuri, akaendesha gari mpaka Rusayl kumshitukiza. Ilikuwa saa kumi alasiri, baridi ya Disemba, na gari la Yaarub limeegeshwa nje ya kiwanda, kioo nusu wazi. Akasogea taratibu huku anatabasamu. Ndipo akaisikia sauti yake, laini, sauti ambayo hajapata kuisikia.

"Njoo, mpenzi wangu. Mlango nimekuwekea wazi tangu jua kuchwa, na kitanda changu hakinijui bila ya wewe."

Kwenye simu akacheka mwanamke.

Sambusa zilibaki juu ya ukuta wa maegesho. Alipofika kwao, macho mekundu, alituma maneno mawili: "Ijumaa msije." Simu ikalia mara kumi na tisa. Hakuipokea hata moja.

Kesho yake, saa kumi kamili, Yaarub aliingia duka la miwani, kanzu yake ya dishdasha imekunjamana, mkononi bunda la karatasi. Wateja wawili walikuwa wanajaribu fremu.

"Hatuuzi kitu leo," Shariffa alisema.

"Sambusa zako nilizikuta ukutani, nikajua umenisikia. Ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Soma."

"Toka, Yaarub. Wallahi ntapiga kelele."

"Soma, kisha piga."

Alisoma. Njoo, mpenzi wangu. Mlango nimekuwekea wazi. Akasoma tena, midomo ikitikisika.

"Dulce ni mtu wa redio," Yaarub alisema. "Hakubali sura hata moja mpaka nimsomee. Kiswahili hakijui, lakini anasikiliza mapigo, sentensi ikijikwaa ananisimamisha. Saa kumi yetu kwake ni saa moja asubuhi. Huyu hapa, yupo kwenye simu, mwenyewe."

Aliiweka simu juu ya kaunta, spika wazi. Sauti nzito ikasalimia kwa Kihispania.

"Mbona hukunambia?"

"Ulinikataza kulitaja jina lake."

Hilo lilikuwa kweli, na likazidi kumuudhi. Alijua sasa kwamba hakusalitiwa, lakini moyo ulikuwa bado unauma, na sababu aliijua.

"Sauti ile hujapata kunipa mimi," alisema. "Bibi wa Kuba anapata mlango wazi na jua kuchwa. Mimi kila siku naulizwa, umekula? Umekula? Mimi ni mgonjwa?"

Wateja waliacha fremu. Yaarub alizishika karatasi kama anayetafuta ukurasa, kisha akaziweka chini.

"Mimi sijui kusema, Shariffa. Maneno yale ni yake. Mimi... kila nikitoka kazini napanda ule mlima mpaka Amerat nikuone nusu saa mbele ya kaka zako, kisha nageuza. Nikiwa chini ya mlima naanza kupanga ntakwambia nini. Nayapanga vizuri, wallahi. Nikikuona yote yananitoka. Linalobaki ni umekula."

Machozi yalimteremka Shariffa mbele za watu, wala hakuyafuta. Kwenye simu Dulce akauliza jambo kwa haraka, akarudia.

"Anasema nini?"

Yaarub alijikuna shingo. "Anauliza hiyo sura ya ngapi. Anasema tusiibadilishe hata neno."

Shariffa aliichukua simu, akaisogeza mdomoni.

"Hiyo si yako, mama. Hiyo yangu," alisema kwa Kiswahili safi, na akaikata.

"Shariffa! Yule mwandishi mkubwa!"

"Mwambie mama yako Ijumaa waje," alisema, akimrudishia. "Na hayo ya mlima, ole wako umsomee mtu."